Kusakinisha Windows Upya Bila Kuipoteza Ubuntu

Kompyuta yenye mifumo endeshi miwili ni ile ambayo diski yake imegawanywa ili mifumo miwili, kila mmoja ukiwa na uwezo wa kuiendesha mashine peke yake, ikae pamoja bila kuingiliana, na mtumiaji achague mmojawapo kila anapoiwasha. Mfumo endeshi ni programu kuu inayosimama kati ya vifaa vyenyewe, kama vile kumbukumbu, diski na kibodi, na programu nyingine zote ambazo mtu huzitumia kuandika, kuhesabu au kutazama picha. Jozi inayokutwa mara nyingi ni Windows ya kampuni ya Microsoft pamoja na Ubuntu, mfumo uliotolewa kwa mara ya kwanza Oktoba 2004 chini ya uongozi wa Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ukijengwa juu ya kiini cha Linux alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 1991. Na jina la Ubuntu, lililotoka katika lugha za Kinguni, ni ndugu wa neno letu utu.

Inapofika siku ya Windows kuelemewa na virusi au kukataa kuwaka, huwa hakuna budi kuisakinisha upya, au kuipiga upya kama wasemavyo mafundi wa Tanzania. Hapo ndipo hasara kubwa hutokea, kwa sababu fundi aliyezoea mashine za mfumo mmoja huifomati diski nzima, akafuta kazi za miaka mingi zilizokuwa upande wa pili ambao haukuwa na kasoro yoyote. Hata pale ambapo hakuna kilichofutwa, mashine ikishawaka na kuingia Windows moja kwa moja, mwenyewe hudhani Ubuntu imepotea, naye huamua kuanza upya kila kitu, ilhali mara nyingi kilichoharibika ni kielekezi kidogo tu, na mfumo wenyewe upo palepale ulipokuwa.

Diski hugawanywa katika sehemu zinazoitwa patisheni, ambazo kompyuta huzichukulia kana kwamba kila moja ni diski inayojitegemea. Katika mashine za zamani, baiti 512 za kwanza kabisa za diski ndizo zilizobeba mwongozo wote wa kuwaka: baiti 446 za programu ndogo inayoanzisha safari, baiti 64 za jedwali linaloonyesha mipaka ya patisheni nne, na baiti 2 za mwisho zikiwa alama ya uthibitisho. Ubuntu huiweka hapo sehemu ya kwanza ya GRUB, programu inayoonyesha orodha ya mifumo ili mtu achague, lakini Windows inaposakinishwa huandika programu yake juu ya hizo baiti 446 bila kuuliza, na orodha hiyo haionekani tena. Kwa hiyo mtu huweza kuwa na hati na picha zake zote salama na asipate njia ya kuzifikia, kwa ajili ya maandishi yasiyofika hata nusu ya ukurasa huu.

Mashine za sasa, zinazotumia utaratibu wa kuwaka wa UEFI uliochukua nafasi ya ule wa zamani wa bayosi, zina ustaarabu zaidi. Ndani yake hutengwa patisheni ndogo ya kuanzishia, ambamo kila mfumo huwa na folda yake, moja ikiitwa Microsoft na nyingine ubuntu. Windows ikisakinishwa upya hujiweka ya kwanza katika foleni, lakini kwa kawaida haiigusi folda ya jirani yake, na mara nyingi inatosha kuingia kwenye mipangilio ya mashine kwa kubonyeza F2, Delete au kitufe kingine kulingana na mtengenezaji, kisha kuirudisha Ubuntu mbele. Mashine ya zamani huhitaji kazi zaidi: huwashwa kwa flashi yenye Ubuntu, patisheni ya Ubuntu ikafunguliwa, na GRUB ikaandikwa upya kwa amri ya grub-install.

Hatua inayodai utulivu kuliko zote ni ile ya kuchagua patisheni. Programu ya kusakinisha Windows huonyesha orodha ya patisheni zenye namba na ukubwa, na kwa kuwa haiusomi mpangilio wa faili wa Linux, patisheni za Ubuntu huonekana humo bila jina wala dalili kwamba zina kitu chochote. Dawa ni kufungua Ubuntu mapema, au flashi yake ikiwa haifunguki, na kuandika kwenye karatasi ukubwa wa kila patisheni na kilichomo, ili siku ya kazi ifomatiwe ile ya Windows peke yake. Ile ndogo ya kuanzishia isifutwe, kwani kuifuta ni kuondoa vielekezi vya mifumo yote miwili kwa pamoja. Kabla ya yote, nakala za faili muhimu ziwekwe kwenye diski ya nje, na kama Windows ilifungwa kwa kufuli yake ya BitLocker, ufunguo wake wa dharura wenye tarakimu 48 utafutwe kwanza, kwa maana bila huo faili zilizobaki ndani hazitasomeka.

Windows mpya hurudi na mazoea yake. Tangu toleo la 8 la mwaka 2012, imekuwa na utaratibu wa kuwaka haraka, ambao huifanya isizime kabisa inapoambiwa izime, na kwa sababu hiyo Ubuntu huikuta patisheni ya Windows ikiwa bado imeshikiliwa, ikakataa kuandika chochote humo mpaka utaratibu huo uondolewe.

Zaidi ya hayo kuna suala la saa, linalowatatiza wengi Afrika Mashariki. Ubuntu huiweka saa ya ndani ya mashine kwa majira ya kimataifa yanayohesabiwa kuanzia Greenwich, kisha huongeza saa tatu inapoionyesha, lakini Windows huamini kwamba saa hiyo ya ndani tayari ni ya hapa nyumbani. Hivyo anayetoka Ubuntu saa nane mchana akiwa Nairobi au Dar es Salaam huweza kuingia Windows na kukuta ni saa tano asubuhi. Amri ya timedatectl set-local-rtc 1, ikiandikwa mara moja upande wa Ubuntu, huifanya ifuate desturi ya Windows, na saa za pande zote mbili hulingana.