Kupima Mradi wa Hifadhi: Daftari Kwanza, Ripoti Baadaye

Miongoni mwa vyama vya msingi vilivyo kandokando ya misitu, vipo vinavyoshiriki katika miradi ya kuhifadhi viumbe hai kwa fedha zitokazo nje ya nchi. Mfuko wa Mazingira wa Dunia ulianzishwa mwaka 1991, na tangu 1992 umekuwa ukitoa ruzuku ndogo kwa vikundi na vyama vya wananchi kupitia Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Ruzuku za namna hiyo hununua miche, mizinga ya nyuki na majiko yanayopunguza matumizi ya kuni. Pamoja nazo huja sharti ambalo katibu hulitia saini, pengine bila kulichambua: ufuatiliaji na tathmini.

Maneno hayo ni mawili, na kazi zake ni mbili. Ufuatiliaji ni kuangalia na kuandika mara kwa mara wakati kazi ikiendelea. Tathmini ni kuamua, baada ya kipindi maalumu, kama kazi hiyo imeleta badiliko lililokusudiwa, na kwa nini. Karani anayepima mazao siku ya ununuzi na kuandika stakabadhi anafuatilia. Mkaguzi anayefika mwisho wa mwaka na kulinganisha stakabadhi na leja anatathmini. Mkaguzi asipokuta stakabadhi, hana cha kukagua.

Umuhimu wa jambo hili ulionekana wazi huko Kihansi, katika milima ya Udzungwa nchini Tanzania. Mwaka 1996, wakati bwawa la umeme likijengwa kwa fedha za Benki ya Dunia na wafadhili wengine, wataalamu waligundua bondeni chura mdogo asiyefikia urefu wa sentimita 3, ambaye huzaa watoto badala ya kutaga mayai. Chura huyo hakupata kuonekana mahali pengine popote duniani. Aliishi katika unyevunyevu wa maporomoko, na maji mengi ya mto yalipoelekezwa kwenye mitambo, unyevunyevu huo ulipungua sana. Mwaka 2000 vyura wapatao 500 walipelekwa Marekani kutunzwa katika bustani za wanyama, na mwaka 2001 vinyunyizio vya maji vilianza kufanya kazi bondeni.

Mwezi Juni 2003 hesabu ilionyesha vyura wapatao 20,000. Mtathmini ambaye angefika mwezi huo, akatazama mabomba na kuondoka, angeandika kuwa mradi umefaulu. Lakini katika Julai na Agosti idadi ilianguka ghafla, na Januari 2004 walionekana watatu tu. Mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kuwa ametoweka porini.

Kwa kuwa hesabu ilikuwa ikirudiwa, anguko hilo lilijulikana lilitokea lini, na wataalamu waliweza kuchunguza yaliyotukia wakati huo: vinyunyizio viliharibika wakati wa kiangazi, ugonjwa wa kuvu unaoua vyura ulionekana, na bwawa lilifunguliwa kwa muda mfupi, likatoa matope yenye dawa za kuulia wadudu. Wale waliotunzwa Marekani waliendelea kuzaana. Mwaka 2010 kundi la kwanza lilirudishwa Tanzania, na mwaka 2012 vyura walianza kuachiliwa tena bondeni Kihansi.

Fundisho kwa chama cha msingi ni hili: kazi iliyofanyika si sawa na matokeo yaliyopatikana. Tuseme chama kimepanda miche 10,000. Hiyo ni kazi. Matokeo ni idadi ya miti iliyo hai baada ya viangazi viwili, na kama chemchemi na ndege wamerudi. Ripoti inayotaja miche iliyopandwa, semina zilizofanyika na fedha zilizotumika inaweza kuwa ya kweli katika kila mstari, na bado isimwambie mwanachama kama msitu umepona.

Naye mwanachama ana haki ya kuambiwa. Ndiye aliyeacha kuchunga ng'ombe msituni, na mkewe ndiye anayekwenda mbali zaidi kutafuta kuni. Mfadhili ametoa fedha, lakini mwanachama ametoa riziki yake. Gharama hiyo haina budi kuandikwa pia.

Kwa hiyo inafaa katibu na kamati yake wazingatie mambo yafuatayo:

(a) Hali ya mwanzo iandikwe kabla mche wa kwanza haujapandwa. Bila hiyo hakuna cha kulinganisha.

(b) Vipimo viwe vichache ambavyo wanachama wenyewe wanaweza kuvihesabu: miti iliyo hai, visiki vipya, mizinga yenye nyuki, kina cha maji ya chemchemi.

(c) Kila kipimo kiwe na mtu wake na tarehe yake, na kihesabiwe kwa njia ile ile kila mara. Gharama za kazi hiyo ziingizwe katika makadirio tangu mwanzo.

(d) Pawepo eneo jingine la kulinganisha, lisilo la mradi. Mvua njema huotesha miti pande zote, na sifa zake zisipewe mradi.

(e) Mabaya yaandikwe kama mema. Hasara iliyofichwa haiwezi kurekebishwa.

(f) Taarifa isomwe mbele ya mkutano wa wanachama, kwa lugha wanayoifahamu, kabla haijapelekwa kwa mfadhili.

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Msitu nao ni mali. Mtathmini wa kutoka mbali hukaa siku chache na kuondoka, mradi nao una mwisho wake. Watakaobaki na msitu, au na visiki, ni wanachama. Daftari la hesabu hizo na litunzwe katika ofisi ya chama pamoja na leja, nalo lifunguliwe kila mkutano unapokutana.