Ubaguzi wa rangi: eti Tanga haupo?

Leo nimekuja na mada ambayo ukiianzisha kijiweni Ngamiani, lazima atokee mtu akukate kauli: "Aah, ubaguzi wa rangi ni mambo ya Wazungu huko Marekani na Afrika Kusini, sisi Tanga tunakula pilau sahani moja." Pilau kweli tunakula. Ila mimi nasema ubaguzi upo, tena wa siku nyingi, na sababu yake siyo hiyo tunayoambiwa kila siku kwamba binadamu kazaliwa na chuki moyoni. Chuki inakuja baadaye. Kinachotangulia ni hesabu: nani abebe mzigo, nani alipwe kidogo, nani akae wapi. Hesabu ikishapangwa ndipo watu wanatafuta rangi, pua au nywele za kuihalalisha.

Kama hamniamini, chukueni kisa cha Wazigua. Siyo cha kusoma kwenye vitabu vya Marekani, ni cha hapa hapa mkoani kwetu.

Miaka ya 1830 huku kulitokea ukame mkali, ikafuata njaa. Wazigua wengi waliuzwa, au walijiuza wenyewe kwa kukosa chakula. Masimulizi ya vizazi vyao yanasema wengine walidanganywa kwamba wanapelekwa kufanya kazi ya ujira na baadaye watarudishwa kwao. (Inakukumbusha kitu? Mwaka 2017 Human Rights Watch walitoa ripoti kuhusu wadada wa kazi wa Kitanzania waliokwenda Oman na Emirates, wengine wakanyang'anywa pasipoti mara walipofika. Ahadi ya kazi nzuri ng'ambo ni ya zamani jamani.) Basi, majahazi yakawashusha Barawa na bandari nyingine za pwani ya Somalia ya leo, wakalimishwa mashamba kama watumwa.

Baadaye kundi moja likatoroka. Masimulizi yao yanamtaja mwanamke mmoja, Wanankhucha, mwenye maono na kiongozi, aliyewaongoza kurudi Uzigua kwa miguu. Hawakufika. Waliishia kwenye msitu wa kando ya mto Juba, sehemu iliyoitwa Gosha, wakafyeka, wakalima, wakazaa. Watumwa wengine waliotoroka, kutoka makabila ya kusini kama Wayao na Wamakua, nao wakajazana humo humo.

Sasa hebu fikiria. Zimepita zaidi ya karne moja na nusu. Hao watu wamekuwa Waislamu kama jirani zao, wanaongea Kisomali, Somalia ilipopata uhuru mwaka 1960 wakawa raia wa nchi moja. Ukiwapanga mstari na Msomali mwingine, wote weusi. Lakini bado wakaitwa "jareer", yaani wenye nywele ngumu, au "adoon", mtumwa, hata aliyezaliwa huru na babu yake kazaliwa huru. Kuoa binti wa wenye nywele laini, sahau. Rangi ilikuwa haitoshi kuwatenganisha, kwa hiyo wakatafutiwa nywele.

Na angalia nani alifaidika. Waitaliano walipotawala walitaka vibarua wa mashamba makubwa ya ndizi na pamba, na miaka ya 1930 wakawa wanawachukua kwa nguvu hao hao watu wa mtoni. Mwitaliano hakuhitaji kumchukia Mzigua. Alihitaji mikono, na tayari palikuwa na watu ambao jamii ilishawaona wa chini, hawana mtu wa kuwatetea. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka mwaka 1991, wababe wenye bunduki walikwenda moja kwa moja kwenye mashamba ya Juba, maana ndiyo ardhi yenye rutuba, na wenyewe hawakuwa na ukoo wenye silaha wa kuwalinda. Wakaporwa, wakauawa, wakakimbilia Dadaab huko Kenya. Kuanzia mwaka 2003 Marekani ilichukua wapatao 12,000. Wengine walipanda vyombo wakashuka mwambao wetu, wakapelekwa kambi ya Mkuyu halafu Chogo, Handeni. Wazee wa Handeni wakasikia watu wa kutoka Somalia wanaongea Kizigua! Kina vionjo vya zamani, lakini Kizigua.

Narudi mjini. Ukitaka kuona hesabu ninayosema imechorwa ardhini, tembea kwa miguu kutoka Raskazone. Kule baharini, nyumba kubwa, miti, upepo: Uzunguni. Ukija katikati, maduka yenye makazi ghorofani: Uhindini. Ukivuka reli unaingia Ngamiani, barabara zenye namba, nyumba zimebanana: Uswahilini. Haikutokea tu. Wajerumani walianza kupanga, Waingereza wakaendeleza. Shule nazo zilikuwa za rangi: Tanga School ya Waafrika, Usagara ya leo ilikuwa Karimjee, shule ya Wahindi. Mishahara serikalini pia, Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Na mashamba ya mkonge yalikuwa na manamba, watu waliosombwa kutoka mbali na kuhesabiwa kwa namba kama magunia.

Kilele cha hiyo hesabu ni Baraza la Kutunga Sheria la mwaka 1955. Wazungu viti 10, Wahindi (wakisemwa kwa jina la Waasia) 10, Waafrika 10. Kwa macho ya haraka unaona haki kabisa, kumi kumi kumi. Tatizo ni kwamba Wazungu nchi nzima walikuwa kama 20,000, Waasia kama 76,000, na Waafrika zaidi ya milioni 8! Uchaguzi wa mwaka 1958 na 1959 ndio ukawa wa kura tatu, kila mpiga kura lazima amchague Mzungu mmoja, Mwasia mmoja na Mwafrika mmoja, la sivyo kura yake imeharibika. TANU ilikaa Tabora Januari 1958 ikabishana karibu ivunjike, mwishowe ikakubali kushiriki, na Zuberi Mtemvu akajitoa akaanzisha chama chake.

Ujanja wa mfumo ule ni kwamba Mwafrika wa Ngamiani hakukutana na gavana. Alikutana na Mhindi wa duka, ambaye anamkopesha unga na kumdai mwisho wa mwezi. Hasira yote ikaishia kaunta. Na Mhindi naye, kwa kuwa kawekwa juu kidogo, akaona heri alinde hicho kidogo kwa kumwita Mwafrika "golo". Sisi tukarudisha "gabachori". Mpaka leo maneno yote mawili yanatembea.

Mwaka jana nilipeleka vyeti vyangu vya kidato cha nne kwenye duka moja kubwa la hapa mjini, silitaji. Nilitaka kaunta, naijua kompyuta vizuri. Nikaambiwa, "Dogo, kaunta wanakaa watu wao, wewe kama unataka kuna stoo." Aliyeniambia hakuwa Mhindi. Alikuwa kaka yetu kabisa, msimamizi, mweusi kunishinda. Wala hakuwa na ubaya, alinionea huruma akanipa na soda. Nilipomuuliza kwa nini, akasema ni mambo ya uaminifu, hela zikae kwenye familia. Sawa, biashara ya familia naielewa, hata mama ntilie anamweka mtoto wake ashike hela. Ila yule kijana niliyemkuta kaunta hakuwa wa familia ile, alikuwa mfanyakazi tu kama ambavyo ningekuwa mimi. Uaminifu wake ulipimwa kwa macho. Na tofauti ya mshahara kati ya kaunta na stoo siyo ya kuchekea.

Sasa msije mkanielewa vibaya mkaanza kutukana Wahindi hapo chini, maana hapo ndipo tunapoharibu. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke Uganda, watu wakashangilia barabarani. Nyerere alisema waziwazi kwamba ule ni ubaguzi wa rangi. Hakuanza siku hiyo. Oktoba 1961, kabla hata bendera haijapanda, kuna wabunge walitaka uraia uwe wa Waafrika tu, akawajia juu na kutishia kujiuzulu. Lakini mwaka 1993 Mchungaji Mtikila aliposimama jukwaani Dar kuwasema magabachori, watu wenye asili ya Asia walishambuliwa mitaani. Na Januari 2016 dada yetu mwanafunzi kule Bangalore, India, alipigwa na kuvuliwa nguo na kundi la watu kwa sababu Msudani, mtu ambaye hakumjua, alikuwa amemgonga mama mmoja kwa gari. Mweusi mmoja kakosa, mweusi yeyote alipe. Nakumbuka maoni niliyoyasoma siku zile: "na sisi tuwashughulikie wa hapa Uhindini." Yaani hesabu ile ile, imegeuzwa upande.

Na sisi watu wa pwani tusijitoe. Neno "mshenzi" tunalotukania leo, mababu waungwana walilitumia kwa mtu yeyote wa bara. Mmakonde aliyekuja kukata mkonge tunamchekea chale zake mpaka kesho. Wenzake waliovuka kwenda Kwale, hapo tu ng'ambo ya Horohoro, walikaa miongo bila kitambulisho, hawawezi kufungua akaunti benki wala kumiliki shamba kihalali, hadi Oktoba 2016 walipotembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Ikulu ya Nairobi kudai uraia wa Kenya. Walizaliwa pale, kazi wakafanya pale. Asiye na karatasi ni kibarua wa bei rahisi, haendi popote kulalamika.

Wale wa Chogo nao karatasi ziliwasumbua. Somalia waliambiwa nyie ni wageni kutoka kusini. Wakarudi kwenye ardhi ya mababu zao, wakaandikishwa wakimbizi wa Kisomali. Miaka iliyofuata wengi wakapewa uraia wa Tanzania. Mdau mwenye ndugu Handeni, tuandikie hapo chini: watoto wao wakifika shuleni, wenzao wanawaitaje, Wazigua au Wasomali?