Eksirei Safi, Moyo Mgonjwa

Mtu anafika hospitali ameshika kifua. Anasimamishwa mbele ya bamba la eksirei, anaambiwa avute pumzi na aizuie. Picha inatoka safi. Anapewa dawa za vidonda vya tumbo, anarudi nyumbani. Huenda ni vidonda kweli, lakini picha ile haikuwa na uwezo wa kusema kama moyo wake ni salama.

Miale ya eksirei hupita kirahisi kwenye hewa na kuzuiwa sana na mfupa. Misuli ya moyo, damu iliyomo ndani na kuta za mishipa huizuia kwa kiwango kinachokaribiana mno, hivyo vyote hutoka kama kivuli kimoja cheupe. Mishipa inayolisha moyo wenyewe, yenye upana wa milimita chache tu, humezwa na kivuli hicho. Mmojawapo unaweza kuwa umeziba kabisa na picha isionyeshe kitu. Mwenye kichomi na homa, eksirei inamfaa sana: huonyesha nimonia, maji kifuani, hewa iliyovuja nje ya pafu. Mshtuko wa moyo haiuonyeshi.

Kwa hiyo kinachotangulia si picha. Ni kipimo cha umeme wa moyo, ambacho mwongozo wa Marekani wa mwaka 2021 unataka kifanywe na kusomwa ndani ya dakika 10 tangu mgonjwa afike. Hufuatiwa na kipimo cha damu cha troponini, protini inayovuja kutoka kwenye misuli ya moyo iliyojeruhiwa. Mara nyingi hurudiwa baada ya saa chache, kwa kuwa huchelewa kupanda. Umeme ukionyesha kwamba mshipa umeziba, kumpanga mgonjwa foleni ya eksirei ni kumpotezea misuli ya moyo. Anatakiwa kuzibuliwa mshipa, au kupewa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda pale ambapo huduma hiyo haipo.

Umeme usipotoa jibu, hapo picha huwa na thamani kubwa. Eko, yaani ultrasaundi ya moyo, hufanyika palepale kitandani, bila mionzi. Ukuta wa moyo wenye afya hunenepa kila unapojikaza. Sehemu iliyokosa damu hulegea huku jirani zake wakiendelea kufanya kazi. Eko huonyesha pia maji yanayoubana moyo, ingawa mengi hutegemea mkono na jicho la mpimaji.

CT skani huona zaidi, na hapo ndipo fomu ya maombi inapokuwa na uzito ambao wengi hawaujui. Mgonjwa huchomwa dawa ya rangi yenye iodini mkononi. Dawa hiyo hufika kwanza kwenye mishipa ya mapafu, kisha, sekunde chache baadaye, kwenye aota, mshipa mkuu utokao moyoni. Anayetafuta damu iliyoganda mapafuni hupiga picha mapema; anayetafuta aota iliyochanika husubiri kidogo. Daktari akiandika “maumivu ya kifua” na kuishia hapo, fundi hana namna ya kujua apige lini, na mgonjwa anaweza kubeba mionzi na gharama kwa picha isiyojibu lolote.

Wenye maumivu ya muda mrefu yanayokuja na kupoa hufaidika na CT pia. Utafiti wa SCOT-HEART wa Scotland uligawa wagonjwa 4,146: nusu walipewa huduma ya kawaida, nusu wakaongezewa CT ya mishipa ya moyo. Baada ya takriban miaka 5, waliokufa kwa ugonjwa wa mishipa hiyo au kupata mshtuko wa moyo walikuwa asilimia 2.3 kwenye kundi la CT na 3.9 kwenye kundi jingine. Upasuaji na uzibuaji wa mishipa haukutofautiana sana kati ya makundi hayo. Maelezo ninayoyaona ya kweli ni kwamba madaktari, baada ya kuona mafuta yaliyoganda kwenye kuta za mishipa, walianza kuwaandikia wahusika dawa za kinga ambazo wasingeandikiwa.