Je, Wajua? Hali ya Mazingira ya Simiyu Ni Haki Yako Kuijua

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaitaka kila halmashauri nchini iwe na ofisa wa mazingira. Mkoani Simiyu, wajibu huo ni wa Bariadi Mji, Bariadi Wilaya, Itilima, Maswa, Meatu na Busega.

Je, wajua kwamba:

• Ofisa huyo hutakiwa kukusanya taarifa za mazingira na matumizi ya maliasili, kisha kuandaa ripoti za mara kwa mara za hali ya eneo lake?

• Kitaifa, Mkurugenzi wa Mazingira anatakiwa kutoa Ripoti ya Hali ya Mazingira kila baada ya miaka 2?

• Sheria hiyohiyo inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ziwa? Mto Simiyu humwaga maji yake Ziwa Victoria, hivyo uharibifu wa kingo zake huwafikia wengi.

• Kila mtu ana uhuru wa kupata taarifa za mazingira zilizo wazi kwa umma?

Basi ulizeni ripoti hizo. Mkutano wa kijiji ni mahali pazuri pa kuanzia.