Si Uvivu, Huenda ni Safura

 

Pengine nyumbani kwako kuna mtu anayefanya kibarua cha kulima. Zamani alimaliza sehemu yake kabla jua halijawa kali. Siku hizi hupiga jembe mara chache, kisha huketi akihema, moyo ukimwenda mbio. Majirani husema amekuwa mvivu. Kabla hujamlaumu, mwangalie ndani ya kope za macho na kwenye viganja. Vikiwa vimepauka, huenda amepungukiwa na damu. Malaria huweza kuleta hali hiyo, na minyoo ya safura pia.

Safura huambukizwa vipi? Mwenye minyoo akienda haja kubwa kichakani, mayai hubaki udongoni. Penye joto na unyevu huanguliwa, na kwa siku 5 hadi 10 minyoo michanga huwa tayari kupenya ngozi ya miguu isiyo na viatu. Huingia katika damu, hupitia mapafuni, na mwisho hufika kwenye utumbo. Hapo hujishikiza na kufyonza damu kila siku.

Damu ndiyo hupeleka oksijeni kwenye misuli. Ikipungua, hata mtu mwenye bidii huishiwa nguvu. Huko Indonesia katika miaka ya 1970, wafanyakazi wa mashamba ya mpira waliopungukiwa na damu walipewa vidonge vya madini ya chuma kwa siku 60. Utomvu waliokusanya uliongezeka.

Tangu mwaka 2009, watoto wengi wa shule hapa Kenya wamepewa dawa ya minyoo. Lakini baba na mama wanaolima hawako darasani. Kwa hivyo, mama, fanya haya:

Mpeleke mgonjwa kituo cha afya apimwe choo na damu. Dawa ya minyoo huua minyoo. Damu iliyopotea huhitaji vidonge vya madini ya chuma na chakula bora.

Ukiwa mjamzito, mwambie muuguzi. Dawa ya minyoo haitolewi katika miezi 3 ya kwanza.

Pika omena, maharagwe na mboga za kijani. Chungwa baada ya chakula husaidia. Chai ingoje kidogo.

Wote watumie choo, na wavae viatu shambani. Bila hivyo, minyoo itarudi.

Hadi wiki ijayo, kwaheri.