Elimu Iliyofungiwa Haiokoi Maisha

Mwaka 1982, watafiti kutoka Ulaya walichapisha matokeo ya vipimo vya damu vilivyoashiria kwamba virusi vya Ebola vilikuwapo Liberia. Ugonjwa ulipolipuka huko mwaka 2014, wakuu wa afya wa nchi hawakuwa na habari hiyo. Hata mtandaoni, makala yenyewe ilisomwa kwa malipo. Makala peke yake isingezuia janga, lakini ingewapa sababu ya kujiandaa mapema.

Wachapishaji husema kuhariri kuna gharama. Ni kweli, ila kumtoza msomaji si njia pekee: SciELO, maktaba ya kisayansi ya mtandaoni ya Brazili, ikitegemea fedha za umma, imetoa majarida bure tangu miaka ya 1990. Utafiti uliotokana na kodi ya wananchi, au damu yao, wana haki ya kuusoma.