Cheti cha Kenya na Milango ya Vyuo Vikuu vya Ng'ambo

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa KCSE yanapotangazwa, wazazi wengi wa mtaa wa Milimani na wa sehemu nyingine za Nakuru huanza kufikiri juu ya kuwapeleka watoto wao katika vyuo vikuu vya nchi za ng'ambo. Wengine wameweka akiba kwa miaka mingi. Wengine wako tayari kuuza ng'ombe au kipande cha shamba. Walakini ni wachache wayajuao sawasawa mambo yatakiwayo na vyuo hivyo, na kwa ajili hiyo wako vijana wenye akili na alama nzuri ambao hukataliwa, au hupoteza mwaka mzima bure. Makala hii yaeleza masharti hayo na sababu zake, kwa kuwa mtu aijuaye sababu ya sharti hulitimiza kwa urahisi zaidi.

Jambo la kwanza lipasalo kujulikana ni hili. Chuo kikuu cha nchi nyingine hakitazami alama peke yake. Hukitazama cheti chenyewe, kikauliza: Huyu amesoma miaka mingapi? Cheti chake ni sawa na kipi katika nchi hii? Alama A ya mtihani usiolingana na ule wa nchi hiyo haiwezi kufungua mlango. Basi mzazi asianze kwa kuuliza karo, bali aanze kwa kuuliza cheti cha mtoto wake kitapimwaje huko aendako.

NJIA YA ZAMANI

Vijana wa Afrika ya Mashariki wamevuka mipaka kutafuta elimu tangu zamani. Makerere, iliyoanzishwa mwaka 1922 kuwa shule ya ufundi, ilifanywa mwaka 1949 kuwa Chuo cha elimu ya juu cha Afrika ya Mashariki yote, kikishirikiana na Chuo Kikuu cha London, na wanafunzi wake wakatahiniwa kwa digrii za London. Wanafunzi wa Kenya walikwenda Kampala kwa gari la moshi lipitalo Nakuru. Siku hizo Kenya, Uganda na Tanganyika zote zilitumia mitihani ya Cambridge, kwa hiyo cheti kilichotolewa Kenya kilisomwa Kampala bila maswali mengi.

Mwezi wa Septemba 1959 wanafunzi 81 waliondoka Nairobi kwa ndege kwenda Marekani, katika mpango ulioongozwa na Tom Mboya. Mwaka uliofuata, 1960, msichana wa Nyeri aliyekuja kujulikana baadaye kwa jina la Wangari Maathai alikwenda kwa mpango huo huo mpaka chuo cha Mount St. Scholastica, mjini Atchison katika jimbo la Kansas. Mwaka 2004 alipewa Nishani ya Amani ya Nobel.

Yafaa kuuliza kwa nini vyuo vya Marekani viliweza kuwapokea vijana waliomaliza Kidato cha Nne, hali vyuo vya Uingereza vilidai masomo zaidi. Sababu haikuwa huruma peke yake. Digrii ya Marekani huchukua miaka 4, nayo huanza baada ya miaka 12 ya shule. Digrii ya Kiingereza kwa desturi huchukua miaka 3, lakini huanza baada ya masomo ya Kidato cha Tano na cha Sita. Hesabu hiyo haijabadilika mpaka leo, nayo ndiyo asili ya matatizo mengi ya mwanafunzi wa Kenya.

HESABU YA MIAKA

Mpaka miaka ya 1980 mtoto wa Kenya alisoma miaka 7 ya shule ya msingi, miaka 4 ya sekondari, kisha miaka 2 ya Kidato cha Tano na cha Sita, ndipo aingie chuo kikuu kwa miaka 3. Mwezi wa Januari 1985 mfumo wa 8-4-4 ukaanzishwa. Mwaka 1989 ulifanywa mtihani wa mwisho wa Kidato cha Sita, na mwaka huo huo ukafanywa mtihani wa kwanza wa KCSE. Tangu hapo mtoto wa Kenya humaliza shule baada ya miaka 12, na digrii zake nyingi ni za miaka 4.

Jirani hawakufuata njia hiyo. Uganda na Tanzania zilibaki na Kidato cha Sita, na Uingereza ina A-level, ambayo ni masomo ya miaka 2 yanayochimba masomo machache, aghalabu matatu. Kwa hiyo matokeo ni haya:

Katika Uingereza, vyuo vingi havimwingizi mwenye KCSE moja kwa moja katika mwaka wa kwanza wa digrii. Hutakiwa kwanza kusoma mwaka mmoja wa matayarisho, na mwaka huo una karo yake. Mzazi aliyehesabu karo ya miaka 3 atajikuta akilipa ya miaka 4.

Katika Ujerumani, mtu ambaye cheti chake cha kigeni hakitoshi kumwingiza moja kwa moja hupelekwa katika masomo ya matayarisho yaitwayo Studienkolleg, kisha hufanya mtihani.

Katika Marekani na Uhindi, ambako shule humalizika baada ya miaka 12, KCSE hulingana na cheti cha nchi kwa urahisi zaidi.

Katika Uganda na Tanzania, sharti la kuingia digrii limejengwa juu ya kufaulu masomo makuu mawili ya Kidato cha Sita. Mwenye KCSE hana budi kuuliza, na kupata jibu kwa maandishi, kama ataingizwa moja kwa moja au ataanzia masomo ya kuunganisha. Asidhani kwamba kwa kuwa Kampala ni karibu, masharti yake ni mepesi.

Zipo shule za kulipia katika Bonde la Ufa, kama St Andrew's ya Turi, zifundishazo mtaala wa Kiingereza mpaka A-level. Mwanafunzi wa shule hizo huikuta njia ya Uingereza imenyooka. Lakini karo zake si za kila mtu, na kukosa shule hiyo si kukosa chuo kikuu.

KARATASI ZITAKIWAZO

Masharti ya vyuo hutofautiana, lakini karatasi zifuatazo hutakiwa karibu kila mahali.

Kwanza, cheti cha KCSE au taarifa ya matokeo. Vyuo vingi havitosheki na nakala iliyoletwa na mwanafunzi mwenyewe. Hutaka Baraza la Mitihani la Kenya lithibitishe matokeo na kuyapeleka kwa chuo. Maombi ya kuthibitishiwa hufanywa kwa njia ya mtandao wa Baraza, na yana ada. Ni vema pia kuhakikisha mapema kwamba majina yaliyo katika cheti, cheti cha kuzaliwa na pasipoti yanalingana herufi kwa herufi. Jina moja kuandikwa namna mbili limewachelewesha wengi.

Pili, ripoti za shule za Kidato cha Kwanza mpaka cha Nne. Vyuo vya Marekani huzitazama sana, kwa kuwa hupenda kujua bidii ya miaka yote minne. Mwanafunzi aliyezitupa ripoti zake atalazimika kurudi kwa mwalimu mkuu kuziomba.

Tatu, barua za walimu wamjuao mwombaji, na maelezo aliyoandika mwombaji mwenyewe. Maelezo hayo husomwa kwa makini, na yaliyoandikwa na mtu mwingine hutambulikana.

Nne, uthibitisho wa lugha. Ingawa mtoto wa Kenya amefundishwa kwa Kiingereza, vyuo vingi hutaka afanye mtihani kama IELTS, ambao alama zake huhesabiwa mpaka 9. Vyuo vingi huomba alama kati ya 6 na 7. Matokeo yake hudumu miaka 2 tu, kwa hiyo si vizuri kuufanya mapema mno. Vyuo vingine humsamehe mwenye alama nzuri ya Kiingereza katika KCSE. Hiyo nayo ni ya kuuliza.

Tano, kwa Marekani, mtihani wa SAT au ACT. Tangu mwaka 2020 vyuo vingi viliacha kuulazimisha, lakini baadhi vimeurudisha. Chuo cha MIT kiliurudisha mwaka 2022.

TAREHE HAZINGOJI

Hapa ndipo wengi huanguka. Mtihani wa KCSE humalizika Novemba, na matokeo yake kwa kawaida hutoka mwezi wa Januari. Lakini maombi ya Uingereza, ambayo hupitia ofisi moja iitwayo UCAS na kuruhusu kuchagua mpaka masomo 5, kwa masomo mengi yatakiwa kufika mwezi wa Januari ili yafikiriwe sawa na mengine. Na yale ya udaktari, pamoja na ya Oxford na Cambridge, hufungwa katikati ya Oktoba ya mwaka uliotangulia. Vyuo vingi vikubwa vya Marekani navyo hufunga mapema Januari. Basi mtu angojaye matokeo ndipo aanze kuuliza, amekwisha kuchelewa kwa mengi ya masomo yanayoanza Agosti au Septemba ya mwaka huo. Mwanafunzi wa Kidato cha Nne aweza kuomba kwa alama ambazo walimu wake wanatazamia apate, kisha akakubaliwa kwa sharti kwamba matokeo yathibitishe.

FEDHA NA VIZA

Kukubaliwa na chuo si kuruhusiwa kuingia nchi. Chuo cha Marekani kikimpokea mwanafunzi na kuona ushahidi wa fedha za mwaka wa kwanza, humpa hati iitwayo I-20. Kwa hati hiyo hulipa ada ya kuandikishwa, ambayo tangu mwaka 2019 ni dola 350, kisha huomba viza na kuhojiwa ubalozini.

Uingereza hutaka aonyeshe karo ya mwaka wa kwanza na fedha za kuishi kwa muda usiozidi miezi 9, nazo fedha hizo ziwe zimekaa benki siku 28 mfululizo bila kupungua. Mzazi akopaye kwa jamaa siku mbili kabla ya kuomba, hata kama kiasi kimetimia, atakataliwa. Kadhalika mwombaji kutoka Kenya hutakiwa kuwa na cheti cha kupimwa kifua kikuu katika kliniki iliyoidhinishwa na Serikali ya Uingereza. Masharti ya viza hubadilika mara kwa mara, basi yasomwe upya katika taarifa za ubalozi wenyewe.

TAHADHARI JUU YA WALIPWAO KWA NIABA

Wako mawakala waaminifu, na wako wasio waaminifu. Lakini hata mpango wenye jina kubwa waweza kuleta hasara. Katika kaunti ya Uasin Gishu, mpango wa kuwapeleka wanafunzi katika vyuo vya Finland na Canada ulianzishwa mwaka 2021. Wazazi walilipa fedha katika akaunti ya mpango, wala si kwa vyuo wenyewe. Mwaka 2023 wazazi waliandamana mjini Eldoret wakitaka kujua fedha zao ziko wapi, kwa maana wako watoto ambao hawakusafiri, na waliokwisha kufika Finland walikuwa katika hatari ya kuondolewa kwa kutolipiwa karo. Mashtaka yalipelekwa mahakamani mwaka huo huo.

Funzo lake ni la kila mzazi. Karo ilipwe kwa akaunti ya chuo chenyewe, baada ya kupata barua ya kukubaliwa yenye jina la mwanafunzi, na baada ya kukiuliza chuo kwa anwani yake rasmi kama barua hiyo ni ya kweli. Stakabadhi zote ziwekwe.

MGENI AJAPO NJORO

Asidhani mtu kwamba masharti haya ni dharau kwa Mwafrika. Kenya nayo hufanya vivyo hivyo. Chuo cha Egerton kilichoko Njoro, kilichoanza mwaka 1939 kuwa shule ya ukulima na kufanywa chuo kikuu kamili mwaka 1987, kikipokea kijana kutoka nchi nyingine, hutaka cheti chake kilinganishwe na KCSE, ambayo sharti lake la digrii ni alama ya wastani ya C+. Kazi ya kulinganisha vyeti vya sekondari vya kigeni ni ya Baraza la Mitihani. Mgeni huyo pia hutakiwa kupata kibali cha mwanafunzi kutoka Idara ya Uhamiaji.

Ni kwa sababu ya usumbufu huo wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza mwaka 2017 kwamba Jumuiya ni eneo moja la elimu ya juu, ili vyeti vipate kutambulikana kati ya nchi na nchi.

KURUDI NA CHETI KIPYA

Yabaki mambo mawili. La kwanza, digrii ya ng'ambo nayo hupimwa irudipo Kenya. Mwenye nia ya kuwa daktari, mwanasheria au mhandisi na aiulize bodi ya kazi hiyo, kabla ya kuondoka, kama inakitambua chuo hicho na kama alama zake za KCSE zinatosha. Kuuliza baada ya miaka mitano ya masomo ni majuto.

La pili lawahusu wenye watoto wadogo. Wanafunzi wa mwisho wa 8-4-4 watazamiwa kufanya KCSE mwaka 2027. Wale wa mtaala mpya walioingia Gredi ya 10 mwezi wa Januari 2026 watazamiwa kumaliza mwaka 2028, wakiwa na cheti kingine. Miaka ya shule ya msingi na sekondari itakuwa 12 vile vile, lakini cheti kitakuwa kigeni machoni pa vyuo vya ng'ambo. Mzazi wa mtoto huyo na akiandikie chuo akitakacho tangu mtoto akiwa Gredi ya 11, aulize cheti kipya kitapokewaje, na jibu alihifadhi pamoja na ripoti za shule.